Risasi Katika Firigisi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za mapenzi na heshima, pamoja na za wenzangu wa maabara, ambao hawajakuona lakini wanakujua kwa kuku wako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na kile kikohozi cha asubuhi kimekuachia. Wifi yangu hajambo? Cherehani yake bado inamsumbua kwa kukata uzi? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila macho yamechoka kwa kuchungulia hadubini, na mkuu wetu ananitania kwamba nitazeeka jicho moja likiwa limefumba.

Dereva wetu atakuwa amekukabidhi pia boksi lenye matundu ubavuni. Liweke ndani, sebuleni, mbali na jua, wala usilipeleke uani hata kidogo. Linapiga kelele, najua, na mtu wa kazi yako hahitaji kufunua kifuniko ili ajue ndani kuna nini. Lakini hujui ni vifaranga wa nani. Nakuomba usome kwanza barua hii mpaka mwisho, ndipo ulifungue. Wamekula na kunywa kabla ya safari, hawatakufa kwa kukusubiri.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kaka, simu ndiyo iliyotuponza. Siku ile nilipokupigia kukueleza habari za majogoo, wewe ulikuwa sokoni katikati ya makelele, na mimi salio langu lilikuwa linakata roho. Nikakwambia harakaharaka kwamba tumempasua yule jogoo mwekundu, tumekuta risasi kwenye firigisi, na kwamba risasi hiyo ndiyo inayoua mbegu za majogoo wako wote.  Kisha ukasema basi, umeshamjua. Simu ikakatika. Nilibaki nimeishika nikijiuliza umemjua nani, halafu nikajijibu mwenyewe kwamba umemkumbuka marehemu baba, kwa kuwa risasi yenyewe ilitoka kwake. Nikajisifu kwamba nina kaka mwelewa, asiyehitaji maneno mengi. Kumbe tulikuwa kila mtu na lake.

Wiki hii wifi ndiye aliyenifungua macho. Alinipigia kwa jambo jingine, ambalo nitalifikia, na katikati ya maongezi akanisimulia ulivyokwenda kusimama kwenye geti la jirani yetu, Mzee Mlinzi, ukamfokea mbele ya watu kwamba anawapiga kuku wako risasi. Eti kwa sababu zamani kuku walipommalizia mchicha wake, aliapa kwamba siku moja atawamiminia risasi. Mzee wa watu! Aliyelinda mlango wa benki maisha yake yote na bunduki ambayo, mwenyewe ametuambia mara ngapi, haikuwahi kutiwa risasi hata moja, kwa kuwa mwajiri wake alimwogopa yeye kuliko wezi. Sikufichi, nilicheka. Nilicheka mpaka wenzangu wakaja mlangoni kuangalia kuna nini.

Kisha kicheko kikaniishia. Niligundua kwamba miezi yote hii, wakati mimi nikiamini umenielewa na umeshawahamisha kuku kutoka uani, wao walikuwa bado wanachakura palepale, na wewe na wifi mlikuwa bado mnakula mayai yao. Ndiyo maana nimekaa nikachukua kalamu, ili kila neno likae mahali pake na lisikatwe na mtandao.

Risasi niliyokuwa naisema si ya bunduki. Ni madini, na ni kosa langu kulitumia neno la maabara kwa mtu wa nyumbani. Ningekwambia uji, ungenielewa papo hapo. Ndiyo, kaka, ule uji wa baba. Sisi hatukuwa na jina jingine la kile kitu kizito cha kijivu alichokitoa kwenye betri za magari zilizokufa, akakiyeyusha kwenye sufuria nyuma ya jiko, akakimimina kwenye mchanga kutengeneza timazi za waashi. Uji umeiva, alikuwa anaita, na wewe unatoka mbio na lile koleo. Huo uji, mahali pengine pote, unaitwa risasi.

Ngoja nianze mwanzo ili tusipotezane tena. Unakumbuka mashine yako ya kutotolesha ilipoanza kukutia aibu. Unaweka trei zimejaa, siku zikitimia unatoa vifaranga wachache, tena wengine wanyonge, na mayai mengine yote ni maji matupu. Uligombana na muuza chakula cha kuku ukidai anachanganya vumbi. Ukamwita fundi umeme akabadilisha nyaya ambazo hazikuwa na tatizo. Ukamlaumu wifi kwamba anafungua mlango wa mashine kuchungulia.  Yeye alikusanya mayai kadhaa, akayafunga moja moja kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye cherehani, akanitumia kwa basi bila kukwambia. Nilipoyafungua meza yangu ilijaa maua na mistari mpaka mkuu akauliza kama nimehamia kwenye ushonaji.

Tuliyavunja na kuyaangalia kiini. Yai lenye mbegu huwa na alama ndogo ya duara juu ya kiini, kama pete hafifu. Mengi ya mayai yako yalikuwa na doa tu, bila pete. Maana yake hayakuharibikia ndani ya mashine. Yaliingia yakiwa tayari hayana kitu. Makoo walitaga vizuri, mashine ilifanya kazi yake, na wifi hata angefungua mlango kutwa asingekuwa ameharibu chochote. Tatizo lilikuwa kwa majogoo.

Ndipo nikaja nyumbani kuchukua wawili, yule mwekundu na Diwani, pamoja na udongo wa uani wanapochakura. Uliniuliza kwa nini nimtake Diwani, jogoo ambaye kazi yake ni kutembea kifua mbele na kuahidi, kama diwani wetu yule wakati wa kampeni, halafu haonekani tena. Ulisema nimpeleke akasome. Nilimfunga miguu huku anapiga kelele mtaa mzima, na wifi alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akicheka.

Yule mwekundu tulimchinja na kumpasua. Kwenye firigisi, katikati ya vijiwe ambavyo kila kuku humeza ili visaidie kusaga chakula, tulikuta matone madogo ya kijivu, laini, mazito, yanayong'aa ukiyafuta. Niliyajua kabla ya kuyapima. Niliyashika kwenye kiganja nikasikia harufu ya ule moshi, ingawa najua fika kwamba hayana harufu. Pale nyuma ya jiko baba alipomwaga majivu na makapi ya sufuria ndipo udongo ulipo laini na wenye joto kuliko mahali pote uani, na ndipo kuku wako wanapopenda kuoga vumbi. Wanaoga, wanadonoa, wanameza. Niliupima udongo ule. Mkuu wetu alitazama majibu, akavaa miwani, akatazama tena, akaniuliza kama kuna watu wanaishi hapo. Nilimjibu kwamba ndipo nilipozaliwa.

Sasa nikueleze risasi inafanya nini, maana najua utataka kujua, na wewe si mtu wa kuambiwa tu. Kila chembe hai ya mwili ina moto wake mdogo wa kupikia. Moto huo unarusha cheche, na hilo ni jambo la kawaida, kwa sababu mwili umeweka wazimaji wake wa kuzizima cheche kabla hazijaunguza kitu. Risasi ikiingia, inafanya mambo mawili. Inaongeza cheche, na inawafunga mikono wale wazimaji. Hapo chembe zinaanza kupata kutu. Sisi tunatumia maneno marefu, lakini ukisema kutu hujakosea, ni hewa ileile inayokula bati. Na mbegu ya jogoo ndiyo inayoumia upesi, kwa sababu imevikwa mafuta mepesi ambayo cheche kidogo tu zinayachachisha, na yenyewe ni ndogo mno, haina akiba wala nafasi ya kujikarabati.

Nilitazama mbegu za jogoo mzima wa hapa kwetu. Kaka, zinakwenda zote kwa pamoja, zinasukumana, mpaka unaona raha. Kisha nikaweka za Diwani. Nyingine zilikuwa zimesimama tu. Nyingine mkia umekunjika, zinazunguka palepale. Chache zilikuwa zinajaribu. Nilikaa nazo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Na yeye mwenyewe yuko kwenye kizimba nyuma yangu, manyoya yanang'aa, anawika kwa nguvu zake zote. Kwa nje huwezi kumtilia shaka hata kidogo. Hilo lilinikaa moyoni, na naomba likukae na wewe.

Nilikuwa nataka kukuandikia habari za kuku tu. Lakini nikiandika habari za uji, siwezi kumpita baba.

Usije ukamchukia. Mimi nilimchukia kwa siku kadhaa baada ya kuupima udongo ule, na nilikosea. Hakujua. Alitulisha na kutuvisha kwa sufuria ile, na nyumba nyingi za mtaa wetu zimesimama wima kwa timazi zake. Lakini sasa naelewa mambo ambayo sote tuliyaita tabia yake. Ile hasira iliyomjia bila sababu. Lile tumbo lililokuwa likimkaba mpaka anakunja magoti, naye anasema ni gesi. Ule mkono wa kulia uliolegea kwenye kifundo mwishoni mwishoni, akawa anashindwa kushika hata kikombe cha chai, na shangazi akasema amerogwa na mafundi wenzake. Na mama, ambaye baada ya kukuzaa wewe alikaa miaka mingi akipoteza mimba moja baada ya nyingine, mpaka nikaja mimi, mkaniita Kitinda. Nilidhani jina hilo ni la kudekezwa. Siku hizi nikiitwa hivyo nawakumbuka wale waliokosa kuja.

Na wewe, kaka. Baba alikuruhusu kusimama naye pale. Wewe ndiye uliyepepea moto, ukashika koleo, ukavunja maganda ya betri, ukarudi ndani nyusi zimejaa majivu na unajisikia mwanamume. Mimi nilifukuzwa. Msichana hakai kwenye uji, alisema, aende akamsaidie mama yake. Nililia nyuma ya mlango, na nilikuonea wivu mpaka nimekuwa mtu mzima. Nilidhani kuna kitu kizuri alikupa wewe akaninyima mimi.

Sasa nimefika mahali ambapo mkono wangu unakuwa mzito.

Wifi alinipigia kuniaga. Hakutumia neno hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliniambia shangazi anakuja Jumamosi, na safari hii haji kula firigisi na kulalamika kwamba haikuiva. Anakuja na wazee wawili wa ukoo kukaa na wewe na kumaliza jambo. Ameshasema mbele ya wifi, akiwa ameshika kikombe chake, kwamba nyumba isiyo na kilio cha mtoto ni ghala, na kwamba kaka yangu amevumilia vya kutosha mwanamke tasa. Na wewe, wifi anasema, uliinamisha kichwa.  Kaka, nakupenda, lakini nikwambie ukweli, kuinamisha kichwa kwako kumemuumiza kuliko mdomo wa shangazi. Mdomo wa shangazi tumeuzoea.

Umeona kwamba lile rundo la vitambaa kwenye kochi limepungua? Labda ulifurahi kwamba sasa una pa kukaa. Anawarudishia wateja nguo zao kabla hazijaisha. Anawaambia mashine ni mbovu. Hataki kuondoka na deni la shati la mtu.

Nilimuuliza kwa nini hapigani. Ndipo aliponikumbusha kitu alichonieleza siku ile nilipokuja kuchukua majogoo na udongo, tukiwa jikoni, yeye anaosha vyombo na mimi nafuta. Alinieleza akaniapisha nisikwambie, na mimi nikaapa. Leo ninavunja kiapo hicho nikiwa na akili zangu timamu. Akinuna, aninunie mimi.

Wifi alikwenda hospitali. Si mwaka huu wala mwaka jana. Alikwenda zamani, peke yake, mara zaidi ya moja, akapimwa kila kinachopimwa kwa mwanamke. Hana tatizo lolote. Daktari alimwambia arudi na mume wake, kwa sababu upande wake kazi imekwisha. Ile siku aliyokwambia amekwenda kununua uzi akarudi na kipimajoto kipya cha mashine yako, ukamshukuru wewe ukamsifu kwa majirani kwamba una mke anayejua biashara, ndiyo siku aliyotoka kuambiwa hivyo. Alikuwa na jibu kwenye mkoba. Njiani aliamua asikupe, akaingia dukani akanunua kipimajoto ili asirudi mikono mitupu.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema amekutazama miaka yote hii na mayai yako. Trei ikitoka tupu humgombezi mtu sana, unafoka kidogo yanaisha, lakini siku hiyo huli. Unakaa pale kwenye ngazi unageuzageuza maganda mkononi. Akajiuliza mtu wa namna hiyo atakaaje na habari kwamba kasoro iko kwake. Akaona yeye ana mabega, acha abebe. Akabeba jina la utasa sokoni, kanisani, kwenye misiba, mezani kwako kwa mdomo wa shangazi, na hakukunja uso hata mara moja. Na sasa yuko tayari kubeba na mabegi yake aondoke nalo, ili wewe ubaki mzima. Ninaandika haya na machozi yananitoka, na sioni haya kukwambia.

Mimi si daktari wa watu. Sina tone la damu yako hapa, na jogoo si binadamu, siwezi kukuhukumu kwa kumtazama Diwani. Lakini najua ulisimama wapi ulipokuwa unakua, ulivuta moshi gani, na bado unalala hatua chache kutoka pale nyuma ya jiko. Nakuomba uende hospitali kubwa, uwaambie wakupime damu waangalie risasi, na ndipo wakupime na mengine. Tamka hivyohivyo, risasi ya betri, wasije nao wakakutafuta tundu. Mimi nimekwishajipima, kwa sababu nisingekuomba kitu ambacho sijakifanya. Ninayo, kidogo. Ni ile iliyonifuata jikoni na kwenye nguo zenu nilizokuwa nafua.

Ikionekana unayo nyingi, si mwisho. Ziko dawa za kuivuta kutoka mwilini, na la kwanza kuliko dawa ni kutoka ilipo. Mbegu za mwanamume si kama meno, zinatengenezwa upya kila siku. Siwezi kukuahidi mtoto. Nisingependa mtu aniahidi hivyo. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba ukimruhusu wifi aondoke Jumamosi, utakuwa umemfukuza mtu kwa kosa la sufuria.

Habari za kuku ni hizi, na hapa nasema kama mtu wa maabara. Acheni leo kula mayai na nyama ya kuku hao, na usiuze hata yai moja. Najua maana ya hasara hiyo kwako, na nimeongea na mkuu, watu wetu watakuja kuwachukua kwa uchunguzi na kulifunika eneo lile kama inavyotakiwa. Msifagie pale pakiwa pakavu, vumbi ndilo baya. Wifi asianike nguo upande ule. Mvue viatu mlangoni.

Tena uende kwa Mzee Mlinzi ukamwombe radhi. Si kwa simu, nenda kwa miguu yako na usimame kwenye geti lilelile, ikiwezekana na watu walewale wawepo. Siku ile nilipochukua udongo nyumbani nilimwomba na wa kwake, akanijazia mfuko akisema ni wa mchicha, niutunze. Udongo wake ni safi kabisa, kwa kuwa upepo wa pale huvuma kuelekea kwetu. Ukishamwomba radhi, mwombe na kipembe cha kiwanja. Utakihitaji leo hii, na utaona sasa hivi kwa nini. Atakusumbua kidogo kwa maneno, na unastahili, kisha atakubali, kwa sababu anakupenda tangu ulipokuwa unamwibia mapera.

Nimalizie na Diwani. Tulipojua anacho nini ndani, wenzangu walisema afuate njia ya mwenzake. Mimi nikaomba aachwe. Tulimwosha firigisi kwa maji mpaka matone yakatoka, tukamweka kwenye kizimba cha sakafu ya saruji, tukampa chakula safi na vile virutubisho vinavyowasaidia wale wazimaji cheche niliokueleza. Nilikuwa nachukua mbegu zake na kuzitazama mara kwa mara. Kwa muda mrefu hapakuwa na mabadiliko, mpaka nikaacha kuwaambia wenzangu kwamba nimetazama. Halafu asubuhi moja nikaona mikia imenyooka. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa zinakwenda. Tukampa makoo. Mayai yakaingia kwenye mashine. Nilipoyamulika nikaona mishipa, nikamwita mkuu, naye akatazama, akanipa mkono kama vile ni mimi niliyetaga.

Mengine hayakutotoa, nisikudanganye. Lakini waliomo ndani ya boksi hilo wametotoa wenyewe, bila kusaidiwa kuvunja ganda. Ni watoto wa Diwani, kaka. Yule uliyesema nimpeleke akasome.

Sasa naomba usilifungue peke yako. Nenda pale kwenye cherehani, wifi atakuwa ameinamisha kichwa anakunja nguo ya mtu. Usianze na hospitali wala na mimi, wala usimwombe msamaha bado, maana utalia na yeye atakubembeleza, na si zamu yake tena kukubembeleza. Mwite tu kwa lile jina ulilokuwa unamwita mlipooana, kabla mtaa haujampa jina jingine. Akija, mpe yeye afungue. Na Jumamosi shangazi akifika na wazee wake, msiinamishe vichwa. Mwambie kasoro ilikuwa kwenye uji wa kaka yake, na kwamba kuanzia leo firigisi ya nyumba hiyo hailiwi.

Msalimie sana Mzee Mlinzi, umwambie mchicha wake umefaulu mtihani. Wasalimie wote wanaoniuliza. Nami nitakuja mara tu nikipata ruhusa, na nitalala kwenye kochi, kwa hiyo naomba nilikute limejaa vitambaa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kitinda